Salfa kwenye Chetezo

Kunguni akipondwa hunuka kama giligilani iliyooza. Harufu hiyo niliijua vizuri baada ya kurudi Mocímboa, na tangu hapo giligilani haiingii jikoni kwangu. Watu wanasema ninajidai. Sijidai. Nina kinyaa, nimezaliwa nacho, na marehemu mama yangu alikuwa akinicheka nilipokuwa binti kwa sababu kitambaa cha kufutia vyombo nilikifua mara mbili kwa siku. Mdudu akinipitia mguuni mwili wote hunisisimka, na nilichokula hutaka kurudi kilikopitia. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nililolifanya lilitokana na ujinga peke yake. Ujinga ulikuwepo, tena mwingi, lakini aliyenishika mkono akaniongoza ni kinyaa.

Nyumba yetu tulikuwa tumeikimbia kwa sababu ya mapigano. Tulikaa Pemba, ile ya kwetu Msumbiji, zaidi ya miaka miwili, watu kumi na mmoja katika vyumba viwili vya watu, na tuliporudi na kusukuma mlango kilichotupokea mwanzo ni harufu. Popo walikuwa wamehamia darini, na kinyesi chao kimeshuka kikarundikana juu ya kochi hadi kochi likabadilika rangi. Ndani ya godoro la chumba cha watoto panya alikuwa amechimba akazaa, na nilipoliinua vikaanguka vitoto sita vyekundu visivyo na manyoya, vinajinyonganyonga sakafuni. Nilitapika palepale. Kabati la vyombo lilikuwa la mende. Mayai yao yamegandiana kwenye kila kona, na nilipofungua droo ya vijiko wakatoka mbio wakipandiana migongoni. Pipa la maji uani lilikuwa na tope jeusi lililokuwa likitikisika lenyewe. Nilipoinama kutazama nikaona ni viluwiluwi vya mbu, wengi kiasi kwamba maji yenyewe hayakuonekana.

Basi nikaanza vita. Pipa nikalipindua, nikalisugua kwa mchanga na majivu. Chooni nikamwaga mafuta ya taa, juu yake majivu, juu yake tena maji ya chumvi. Vitanda nikavitoa juani, nikamimina maji yanayochemka kwenye kila ungio la mbao. Dukani nikanunua unga wa mende wa vipakiti, dawa ya kupuliza ya kopo, na zile dawa za mbu za kuviringa zinazowashwa zikafuka polepole. Wapulizaji wa serikali walipopita mtaani nikawafungulia vyumba vyote, hata stoo, na mmoja wao akaniambia hajapata kuona mama anayewafurahia kiasi kile. Kuta zikabaki na madoa meupe ambayo sikuyaosha hata Sikukuu. Tulipogawiwa vyandarua nilikitundika changu siku ileile. Jirani yangu chake alikitandaza uani akaanika juu yake dagaa. Nilikuwa nikipita pale nikitazama pembeni, maana nzi waliokuwa wakitua juu ya dagaa wale nilikuwa nikiwasikia mpaka kwangu.

Mbu walipungua. Mende wakapungua. Panya nikawashinda kwa paka wawili. Kunguni hawakupungua. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba nimewakuta ndani ya nyumba, na huo ulikuwa uongo. Kunguni tulikuja nao kutoka Pemba, ndani ya mabunda yetu wenyewe, nami nilijua, kwa sababu ndani ya lori njiani niliona mmoja akitambaa kwenye shuka langu. Nilimponda nikanyamaza.

Mwaka wa pili baada ya kurudi, mwanangu wa kike akawa mjamzito. Kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama wa binti. Mke huondoka kwa mumewe mwezi wa nane na kisanduku chake, huja kwa mama yake, hujifungua, na hukaa ndani arobaini zake zote hadi siku ya kutoka. Katika siku hizo mzazi havuki kizingiti cha nyumba. Madirisha huzibwa kwa kanga, asubuhi hukandwa kwa maji ya moto, alasiri hufukizwa udi, na mtoto naye hupitishwa katika moshi huo. Mama wa binti ndiye msimamizi wa yote. Ni heshima kubwa, na mimi niliingoja kwa hamu na kwa hofu, kwa sababu nilijua kilichojificha ndani ya mbao za vitanda vyangu.

Nilikuwa pia na mshindani. Mama wa mkwe wangu ana asili ya upande wa Mtwara, ukoo uliovuka Ruvuma tangu enzi za babu zake. Kwa kuwa sote tulikuwa tunangoja mjukuu mmoja, tulikuwa tunaitana bibi mwenzangu hata kabla mtoto hajazaliwa. Yeye hajapata kununua kopo la dawa maishani mwake, na hilo alikuwa akilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kwake mlangoni kuna makopo ya kivumbasi, dirishani kivumbasi, kichwani mwa kitanda kivumbasi. Magharibi huchoma makumbi ya nazi kwenye kigae na kuyatembeza chumba hadi chumba. Majani ya mwarobaini huyatwanga, huyaloweka siku mbili, kisha hunyunyiza maji yake vitandani, na maji hayo yananuka kama kitu kilichokufia mtaroni. Nilimwambia siku moja kwamba nyumba yake inanuka zizi. Akanijibu kwamba yangu inanuka gereji. Tukacheka, lakini mimi sikucheka sana, kwa sababu kwake nilikuwa nimewahi kulala siku mbili na sikuumwa hata mara moja.

Mtoto alizaliwa hospitalini bila shida, msichana, mweupe wa macho, na kucha ndogo mpaka nikaogopa kuzigusa. Tukamleta nyumbani. Kitanda cha mzazi nilikuwa nimekimiminia maji ya moto mara nne mwezi ule. Siku kumi na saba zikapita nikiamini nimeshinda.

Siku ya kumi na nane alasiri nilikuwa nikimfungua mtoto nguo nimpake mafuta. Shingo yake ilikuwa imenona, ina mikunjo, na nilipokunjua mkunjo wa chini ya kidevu nikamkuta kunguni. Alikuwa ameshiba. Amevimba, mwekundu, ameketi pale kwenye jasho la mtoto na hana haraka ya kwenda kokote. Nilimtoa kwa ukucha nikamponda juu ya sakafu, na damu iliyotoka ilikuwa ya mjukuu wangu, siku kumi na nane duniani. Harufu ile ikanipanda. Nilinawa mikono kwa sabuni, kisha kwa limau, kisha nikakwangua ukucha kwa kisu, na bado nikaisikia. Nilikuwa nimejaa hasira, nataka kuua kila chenye miguu sita ndani ya nyumba ile.

Hapo nikaikumbuka salfa.

Salfa ni unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho wakati wa maua, ili maua yasipate ukungu. Mkwe wangu huileta kutoka ng'ambo ya Ruvuma kila msimu kwa ajili ya mikorosho ya baba yake kule Mbau, na mfuko uliobaki huuweka stoo kwangu kwa sababu kwao paa linavuja. Kwangu salfa haikuwa kitu cha kuogopa. Bibi yangu mzaa mama aliiita kiberiti, na sisi watoto tukipata upele alikuwa akiichanganya na mafuta ya nazi na kutupaka mwili mzima, tukanuka wiki nzima na upele ukakauka. Msimu wa korosho nilikuwa nimewasikia wanaume wakisema kwamba salfa ikichomwa ndani ya stoo hakuna mdudu anayebaki. Nikaziunganisha habari hizo mbili: ni dawa ya watoto na ni kifo cha wadudu. Sikumuuliza mtu. Kumuuliza mkwe wangu kungekuwa kumwambia kwamba mwanawe ameliwa na kunguni kitandani kwangu.

Asubuhi iliyofuata, mwanangu alipokwenda kukandwa katika chumba cha kuogea mwisho wa ukumbi, pamoja na mtoto na msaidizi aliyekuja kumkanda, mimi niliingia chumbani na chetezo. Chetezo ni kile kile cha udi, cha udongo, nilichorithi kwa mama. Nikatia makaa, juu yake vijiko viwili vya salfa, nikatoka na kufunga mlango, nikaziba chini kwa kitambaa. Hata nje moshi ulinikuta. Ulinikaba koo, macho yakatoka machozi, nikakohoa mpaka nikashika ukuta. Nikafurahi. Nilisimama pale nikijisemea, kama mimi ninateseka hivi, wao wanakuwaje.

Nilipofungua, sakafu ilikuwa na mbu waliokufa, wengi, mende watatu chali, na mjusi. Mjusi yule alikuwa akiishi nyuma ya kioo tangu tuliporudi, na sikuwa nikimchukia, kwa kuwa alikuwa akila mbu. Alikuwa amelala katikati ya chumba, tumbo jeupe juu, mdomo wazi. Mjusi si mdudu. Ni mnyama mwenye mapafu, anavuta pumzi kama mimi. Nilimtazama hapo alipo, kisha nikamfagia pamoja na mbu, nikamtupa.

Nikafungua dirisha, nikapepea kwa ungo, nikabadilisha shuka. Mzazi na mtoto nikawaweka chumba changu hadi adhuhuri. Harufu ilikuwa imetoka, au mimi nilikuwa nimeizoea. Wakarudi, kanga ikafungwa tena dirishani, kwa sababu upepo haufai kwa mzazi.

Alasiri nikakichukua chetezo jikoni nitayarishe udi. Nikakuta ndani, chini kabisa, salfa iliyoyeyuka ikaganda. Ilikuwa imeshika udongo, ya kahawia na njano, inang'aa. Nilikuwa na kisu mkononi. Ingenichukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu kuikwangua na kuitupa. Nakumbuka kisu kile, kina mpini uliofungwa kwa waya. Nikaona, nikafikiri, nikasema moyoni kwamba kidogo hiki kitawafukuza mbu wa magharibi na kuwamalizia kunguni waliobaki. Nikaweka makaa juu yake. Juu ya makaa nikaweka udi.

Nikaingia nacho chumbani, nikakiweka sakafuni upande wa miguu ya kitanda kama kila siku. Mwanangu alikuwa ameketi, mtoto amelala kando yake. Moshi wa kwanza ulikuwa wa udi, mzuri. Nikatoka kwenda kukoroga uji.

Sikuwa nimemaliza kuukoroga niliposikia kikohozi cha mwanangu, kisha tena, kisha kikohozi kisichokatika. Nikatoka jikoni. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mtoto kifuani, moshi unamtoka nyuma kutoka ukumbini, na hakutoka. Vidole vyake vya miguu vilikuwa ukingoni mwa kizingiti. Alikuwa na siku kumi na tisa tangu ajifungue, na ameambiwa na mimi, tangu akiwa msichana mdogo, kwamba mzazi havuki pale. Anakohoa, anajinyonga, na anasubiri ruhusa yangu.

Nikamwambia atoke. Akatoka.

Sasa nitasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka hujionea kinyaa kuliko nilivyowahi kumwonea mdudu yeyote. Sikumpokea mtoto. Nilimpita mwanangu pale mlangoni, nikaingia ndani, nikakitoa chetezo, nikakimwaga nyuma ya choo na kuyafukia makaa kwa mguu. Ndipo nikarudi kumtazama mtoto.

Alikuwa analia bila sauti. Mdomo umefunguka, uso umekunjamana, na kinachotoka ni mluzi mwembamba. Kila akivuta pumzi, chini ya mbavu kulikuwa kunabonyea ndani. Macho yalikuwa mekundu yanatiririka.

Bibi mwenzangu aliingia wakati huohuo, na bakuli la uji wa pilipili manga kichwani. Aliliweka chini bila kuuliza lolote, akamtwaa mtoto, akamlaza kifuduifudi juu ya mkono wake. Kisha akaniuliza kumetokea nini. Nikasema sijui, udi umekuwa mkali. Akainua uso akanusa. Akasema harufu hii si ya udi. Nikasema huenda majirani wamechoma mpira. Nilisema hivyo bila kupepesa macho, na mwanangu akaniamini, nikaona anatazama ukuta wa jirani kwa hasira.

Tukaanza kumtibu mtoto kwa ugonjwa ambao mimi nilijua hanao. Bibi mwenzangu alisema ni kifua, kimeingia ubaridi, kwa sababu asubuhi mtoto alihamishwa chumba. Akapasha mafuta ya nazi na karafuu. Mimi ndiye niliyeshika kijiko, mimi ndiye niliyempaka mgongoni, nikasugua kifua kilichokuwa kinabonyea chini ya vidole vyangu, nikasoma niliyoyajua kusoma. Mwanangu akamtia ziwa mdomoni, akalikataa. Akamtia tena, akalikataa. Matundu ya pua yalikuwa yakipanuka kama ya mtu aliyekimbia. Nilikuwa najiambia kwamba moshi umeshatoka, hewa safi itamfaa, kitambo kidogo atalala. Kila nilipofungua mdomo niseme, nilimwona bibi mwenzangu na makopo yake ya kivumbasi, nikaufunga.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye ukuta wa uani mwanangu alipoinuka. Akasema yeye anakwenda hospitali, arobaini au si arobaini. Nilitegemea bibi mwenzangu atamkatalia, kwa maana kwao mambo ya mila ni magumu kuliko kwetu, na hapo ningepata wa kumlaumu. Hakumkatalia. Alivua kanga yake ya juu akamfunika mwanangu kichwa mpaka miguu ili upepo usimpate, akasema siku zilizobaki zitahesabiwa baadaye. Mtoto tukamfunga katika blanketi lake. Chopela, bajaji ya kwetu, ikaitwa, tukaingia wote watatu na mtoto.

Enfermeira, yaani muuguzi, aliyetupokea ni mtu wa kusini, Kiswahili chake cha kujifunzia hapa, lakini mikono yake ilikuwa ya haraka. Akamsikiliza mtoto kifua, akamtia kimpira cha hewa puani, ndipo akageuka kuuliza. Aliuliza kama mtoto amevuta mafuta ya taa. Kama tumepuliza dawa ya kopo. Kama tumewasha dawa ya mbu ya kuviringa karibu yake. Mwanangu akajibu hapana kwa kila swali, akasema ni udi tu kama kila siku. Enfermeira akaandika, akatikisa kichwa, akaanza kumsema mwanangu kwa Kireno. Alimwambia kwamba anamnyonga mtoto kwa mila, kwamba mapafu ya mtoto wa siku kumi na tisa si ya kufukizwa, kwamba mama mwenye akili hafanyi hivyo. Sikuelewa yote ila nilielewa ya kutosha. Mwanangu hakujitetea. Aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea kwenye kanga ya mkwewe. Bibi mwenzangu akaanza kuutetea udi, kwamba wao wamefukizwa, na mama zao wamefukizwa.

Nikasema, "Si udi. Ni salfa ya mikorosho. Niliitia mimi kwenye chetezo."

Enfermeira aliacha kuandika. "Salfa? Enxofre? Iliwaka na ntoto yumo ndani?"

"Alikuwemo."

"Na ulijua imo, mamã?"

"Nilijua. Niliiona nikaiacha."

Nilimtazama enfermeira kwa sababu sikuweza kutazama kwingine. Hakunigombeza, na hilo nilimlaumu nalo, maana nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa. Aliinama akalinusa blanketi la mtoto, akalivuta kwa nguvu akalitupa nje ya mlango. Akaamuru mtoto avuliwe kila kitu, aoshwe maji mengi, macho yasafishwe, na mama yake naye abadilishe kila alichovaa, kwa sababu moshi ule umeshika kwenye nguo, na yeye alikuwa anampakata mtoto ndani yake tangu alasiri. Saa zote zile tulizompaka karafuu, alikuwa amefungwa ndani ya kile kile kilichomkaba. Na mimi ndiye niliyelifunga blanketi lile kwa pini kubwa mbili, imara, tulipokuwa tunatoka.

Walikaa hospitali siku tatu. Sikuzuiwa kwenda, nilikwenda kila siku na chakula. Mwanangu alikipokea na kunishukuru, na alizungumza nami kwa upole anaozungumza nao na wageni. Siku ya pili mluzi ulipungua. Siku ya tatu mtoto alinyonya, akalia kwa sauti yake mwenyewe, na wodi nzima wakacheka jinsi ilivyokuwa kubwa. Mimi nililia kwenye ngazi za nje, ambako hakuna aliyeniona.

Kutoka hospitali hawakurudi kwangu, walikwenda kwa bibi mwenzangu. Mwanangu alisema tu, "Nitamalizia kule," na bibi mwenzangu akatazama chini, kwa sababu alijua inavyonitia aibu mbele ya watu, mzazi wa mimba ya kwanza kuhama kwa mama yake kabla ya siku. Nilimbebea kisanduku chake mimi mwenyewe. Majirani waliniuliza, nikawaambia ukweli, mmoja mmoja, mpaka wakaacha kuuliza. Sikutaka kusema uongo tena, na pia nilijua kwamba bila mimi kuusema lawama ingemwangukia mwanangu.

Nyumbani nilikitoa kitanda kile uani. Nikafungua mbao moja baada ya nyingine kwa bisibisi. Ndani ya maungio, kwenye matundu ya misumari, walikuwemo. Wakubwa, wadogo, mayai meupe yamepangwa kwa mistari. Wazima. Waliokufa ni mbu, mende watatu na mjusi. Nikamwaga maji ya moto, na baada ya maji ya moto nikafuatisha maji ya mwarobaini, nimeyatwanga mwenyewe huku nikiziba pua kwa kanga. Nikafanya hivyo kila Jumamosi, na mbao nikazianika juani siku nzima. Imechukua miezi. Siku hizi silali tena nikijikuna. Naisikia harufu ile ya mwarobaini kwenye nywele zangu na sisemi kitu.

Siku ya arobaini ilipofika, bibi mwenzangu alinitumia salamu kwamba nami nije, mtoto anatoka nje leo. Nilianza kujitayarisha tangu alfajiri. Nilioga mara mbili. Mikono niliisugua kwa kumbi la nazi na sabuni ya kufulia mpaka ikawaka, kucha nikazikata fupi, nikapaka limau. Nikavaa kanga mpya, haijapata kuwekwa kabatini karibu na dawa ya aina yoyote.

Kulikuwa na watu kiasi, wanawake wa ukoo na majirani. Mtoto alikuwa amevikwa nguo nyeupe, amenenepa, anatazama taa, na kikohozi kidogo kilikuwa kimembakia ambacho kilikuja na kupita. Alikuwa akipokewa mkono hadi mkono, kila mmoja akimbusu na kumwombea. Nikakaa kwenye mkeka nikingoja zamu yangu. Alipofika kwa mama yake, nikainuka nikanyoosha mikono.

Mwanangu hakumtoa. Alimwegemeza mtoto begani upande wa pili, akaniambia kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "Lete mikono, mama."

Nikampa. Alinusa kiganja cha kulia, akageuza, akanusa cha kushoto. Akatenganisha vidole vyangu akanusa katikati, polepole, kila kimoja, na uso wake nikauona umekunjika vile vile unavyokunjika wangu.

"Kanawe kwanza, mama," akasema.

Nikaenda uani. Bibi mwenzangu alinifuata bila kuitwa, akachota maji kwa kata, akanimiminia, nami nikanawa na sabuni kutoka viwikoni hadi ncha za vidole, kisha tena. Nikarudi ndani, maji yananichuruzika mikononi, nikapiga magoti mbele ya mwanangu nikainyoosha tena, anuse.